Sanda kwa Anayeanza: Jifunze Kuanguka Kabla ya Kupiga

Wiki mbili za mwanzo za sanda, mchezo wa mapigano wa Kichina, sikumpiga mtu hata ngumi moja. Nilikuwa naanguka tu. Ilikuwa Wuhan, China, kwenye ukumbi wa chuo, majira ya baridi, magodoro ya mazoezi yamepoa kama baraza la saruji alfajiri. Kocha tulimwita jiaolian, yaani kocha kwa Kichina, hakuna aliyethubutu kumtaja kwa jina. Alikuwa anapita nyuma yetu na kutusukuma mgongoni mmoja mmoja, bila kusema. Anayetanguliza mkono chini anarudi mwisho wa mstari. Mimi nilikwenda pale na akili ya kibanda cha video: teke la kuruka, ukelele, adui anapaa hadi kwenye meza za mkahawa. Wiki ya tatu nikaruhusiwa kupiga teke. Kaka mmoja wa Kigoma aliyekuwa mwaka mmoja mbele yangu akalidaka, akanipiga mtama kwenye mguu uliobaki, nikatua chali. Kwa mshangao wangu sikuumia popote. Nikainuka, nikaelewa zile wiki mbili zilikuwa za nini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanza, awe na miaka 17 au 35. Hautakufanya bingwa, na hauwezi kuchukua nafasi ya mwalimu, kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo huu inafanyika watu wawili wakiwa wameshikana. Ila utakuonyesha uanze na nini, ufuate nini, na nini uache kwanza.

Kwanza, unaingia kwenye mchezo gani

Wushu, mchezo wa mapigano wa Wachina unaojulikana kwetu kwa jina la kung fu, una pande mbili mashindanoni. Upande mmoja ni taolu, mtiririko wa mikao na mapigo uliopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, unaouonyesha mbele ya majaji. Upande wa pili ni sanda: watu wawili, glavu, na kupigana kweli. Jina lake la awali mashindanoni ni sanshou, "mikono huru". Ukisikia mtu anasema sanshou na mwingine sanda, wanazungumzia kitu kilekile.

Historia yake inafaa kuijua, maana ndiyo inayoeleza kwa nini kanuni ziko zilivyo. Mwaka 1928 Taasisi Kuu ya Guoshu (jina la wushu la wakati huo) ya Nanjing, iliyoongozwa na Jenerali Zhang Zhijiang, iliitisha mtihani wa kitaifa wa wapiganaji. Mabingwa wa mitindo mbalimbali walipandishwa jukwaani wapambane, bila madaraja ya uzito na bila vifaa vya maana vya kujikinga. Walioumia walikuwa wengi. Mwaka 1929 yakafanyika mengine makubwa Hangzhou. Baada ya 1949 serikali mpya iliipa kipaumbele taolu, mapambano yakawekwa kando, ikabaki hali ya ajabu kidogo: watu wanafanya mazoezi ya kupigana maisha yao yote bila kupigana.

Ilikuwa Machi 1979 ndipo mamlaka ya michezo ya China ilipotoa ruhusa ya majaribio katika sehemu tatu: mkoa wa Zhejiang, chuo cha michezo cha Beijing na chuo cha michezo cha Wuhan. Swali lilikuwa moja: watu wa kung fu wapambaneje kwa nguvu zote kisha kesho waende kazini? Jibu lilipatikana kidogo kidogo. Wakachukua ngumi zinazofanana na za masumbwi, mateke ya mitindo ya Kichina, na miangusho ya shuai jiao, yaani mieleka ya Kichina. Kanuni ziliandikwa 1982, mwaka 1989 ukawa mchezo rasmi wa mashindano ya taifa, na mwaka 1998 uliingia Michezo ya Asia kule Bangkok.

Mapokeo ya Kichina yanataja stadi nne za mapigano: ti, da, shuai na na. Kupiga teke, kupiga ngumi, kuangusha, na kukamata viungo. Hiyo ya nne, ya kupinda viwiko na vifundo, sanda imeiacha nje ya mashindano. Tatu zilizobaki zimefungwa kwenye msemo ambao jiaolian wetu aliurudia hadi tukauota: yuan ti, jin da, tie shen shuai. Mbali, teke. Karibu, ngumi. Mwili kwa mwili, angusha. Ukisahau kila kitu kwenye mwongozo huu, kumbuka huo.

Hatua ya 1: Mwalimu na mahali

Klabu nyingi zenye jina la kung fu hufundisha taolu tu, na hakuna ubaya, ila si ulichokuja kutafuta. Nenda ukatazame mazoezi siku nzima kabla hujalipa. Angalia chini kwanza: kuna magodoro, au ni saruji? Kisha tazama wageni wanafanya nini. Mahali ambapo mgeni wa siku ya kwanza anapewa glavu na kuambiwa apambane na mwenyeji "ili apimwe", ondoka. Huko ni kuwatafutia wenyeji begi la kupiga bure.

Mjini kwako hakuna sanda? Jiunge na klabu ya judo au ya mieleka kwa miezi sita, na siku nyingine nenda kwenye jimu ya ngumi. Utakapompata mwalimu wa sanda utakuwa umeshafika nusu ya njia, na yule wa judo atakuwa amekufundisha kuanguka vizuri kuliko wengi wetu.

Pita pia kwa daktari, hasa kama una presha, kifafa, tatizo la moyo, au umewahi kupoteza fahamu kwa kugongwa kichwa. Mwambie ukweli kwamba utakuwa unapigwa. Ukisema "mazoezi tu" atakupa jibu la mazoezi tu.

Hatua ya 2: Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

Kinga ya meno ndiyo ya kwanza. Ile ya kuchemsha inatosha: unaitumbukiza kwenye maji ya moto kama karatasi yake inavyoelekeza, unaiweka mdomoni, unaing'ata na kuifyonza hadi ikae kwenye ufizi. Ukifungua mdomo ikadondoka, rudia. Ya pili ni kinga ya sehemu za siri, na wanawake wana yao. Ya tatu bendeji za mikono, na glavu. Mashindanoni glavu ni za aunsi 8 au 10 kutegemea uzito wako, lakini kwa kupambana mazoezini nunua za aunsi 14 au 16 ili umhurumie mwenzako, naye akuhurumie wewe. Kisha kinga za ugoko. Kinga ya kichwa na ya kifua mara nyingi klabu inazo.

Kuhusu kinga ya kichwa kuna imani inayoumiza watu. Inazuia kuchanika na uvimbe. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Usipigwe zaidi kwa sababu umeivaa.

Unacheza pekupeku. Kata kucha za miguu, na uzipitishie tupa. Nina kovu la sentimita 3 kwenye paja ambalo halikutokana na teke lolote la maana, ni kidole gumba cha mtu aliyesahau.

Hatua ya 3: Kuanguka

Hapa usiwe na haraka. Fanya kila siku ya mazoezi kwa mwezi wa kwanza, na baadaye kama sehemu ya kupasha mwili moto maisha yako yote.

Anza na kuanguka chali. Chuchumaa, bandika kidevu kifuani, macho yatazame kitovu. Kunja mgongo uwe duara, jiachie nyuma huku unatoa pumzi. Makalio yanagusa kwanza, kisha mgongo unabingirika. Mgongo unapofika katikati, piga godoro kwa mikono yote miwili, iliyonyooka, kuanzia kiganja hadi karibu na kwapa, ikiwa imeachana na mbavu, nusu ya njia kufikia kunyooshwa pembeni. Sauti iwe moja: pah! Kisogo kisiguse kamwe. Ukiweza kufanya hivyo mara 30 bila shingo kuchoka, anza kutoka kwenye kusimama nusu, kisha wima, kisha mwenzako akusukume.

Kuanguka ubavu ni vilevile, ila mkono mmoja ndio unaopiga chini na mguu wa upande huohuo unateleza mbele ya mwingine. Kuanguka mbele ndiko kunakotisha: unatua kwa mikono kuanzia kiwiko hadi kiganja, yote miwili kwa pamoja, uso umegeuzwa pembeni, magoti hayagusi.

Tatizo kubwa ni mkono mmoja ulionyooka. Akili ya binadamu ikihisi inaanguka inatuma mkono chini, na mkono huo unapokea uzito wote wa mwili pamoja na wa aliyekuangusha. Kifundo kinateguka, au kiwiko, au mtulinga unavunjika. Ndiyo maana jiaolian alikuwa anatusukuma kwa nyuma bila kutuambia. Alitaka kuuua ule mkono.

Jambo moja ambalo sikulisikia kwa mtu hadi lilipotokea: fanya mazoezi haya pia ukiwa umevaa glavu. Ukiwa na glavu huwezi kupiga kwa kiganja, unapiga kwa mkono wa mbele wote, na uzito wa glavu unachelewesha. Na kama huna godoro unatumia ufukwe, tafuta mchanga mkavu. Ule uliolowa na kushindiliwa na maji hauna tofauti na sakafu.

Hatua ya 4: Kusimama na kutembea

Kwa mtumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto mbele. Geuza mwili uwe wa upande kuliko wanavyosimama mabondia, maana tumbo ni shabaha. Miguu iachane kidogo kuzidi mabega, magoti yamelegea, kisigino cha nyuma kimeinuka kiasi cha kupitisha karatasi. Ngumi ya mbele usawa wa kidevu, ya nyuma imegusa taya. Viwiko vimefunika mbavu.

Usitanue miguu sana. Kwenye masumbwi mguu wa mbele uliotangulizwa mno unakupa shida kidogo, kwenye sanda unanyakuliwa.

Kutembea kuna kanuni moja: ukienda mbele, mguu wa mbele unatangulia. Ukirudi nyuma, wa nyuma unatangulia. Kushoto, wa kushoto. Miguu haipishani. Mtu anayepishanisha miguu ana sekunde moja ya kusimama kwa mguu mmoja, na sekunde moja inamtosha mwenzake.

Sasa chukua chaki au kamba, chora mraba wa mita 8 kwa mita 8. Hicho ndicho kipimo cha jukwaa la sanda. Tembea humo dakika tatu, pumzika moja, rudia mara nne, bila kukanyaga mstari na bila kuutazama. Kwa wengi wiki ya kwanza hili ni la kuchosha roho. Vumilia, nitarudi kwenye huo mstari.

Hatua ya 5: Ngumi

Sitakaa sana hapa, kwa sababu mwalimu yeyote wa masumbwi anaweza kukufundisha na pengine vizuri kuliko mimi. Unahitaji ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, iliyonyooka ya mkono wa nyuma, ya mzunguko, na ile inayotoka chini kwenda kidevuni. Ya kujizungusha na kupiga kwa mgongo wa ngumi iache hadi mwaka wa pili.

Tofauti ni matumizi. Ngumi kwenye kanuni za kimataifa ina alama 1 tu, kwa hiyo mara nyingi kazi yake ni kufungua mlango. Unampiga mbili usoni si ili aanguke, bali ili ainue mikono na asahau kiuno chake. Pia usiiname sana kukwepa kama bondia. Ukiinama kwenye sanda uso wako unakutana na ugoko wa mtu unaopanda.

Hatua ya 6: Mateke matatu

Mateke ni mengi. Jifunze matatu.

La kwanza ni teke la mjeledi, kwa Kichina bian tui. Unageuza unyayo wa mguu uliosimama hadi kisigino kimtazame mpinzani, nyonga inazunguka, goti linapanda likiwa limekunjwa, kisha ugoko unafyatuka kama ncha ya mjeledi. Unapiga kwa ugoko au mgongo wa unyayo, kwenye paja, mbavu au kichwa. Kwenye paja ni alama 1. Kiwiliwili au kichwa ni 2. Anayeanza apige paja. Teke la chini ni gumu kudakwa, nawe utakuwa bado unajifunza kulirudisha.

La pili ni teke la ubavu, ce chuai, na hili ndilo alama ya sanda. Ukiona mtu kwenye mapambano mchanganyiko (MMA) anarusha mguu wa mbele kama nyundo hadi kifuani mwa mwenzake, uliza alikotoka. Unainua goti la mguu wa mbele hadi kifuani, unaegemeza mwili nyuma, nyonga inageuka, na kisigino kinakwenda moja kwa moja. Lengo ni kumsukuma mtu atoke kwenye umbali wake. Cung Le, Mmarekani mzaliwa wa Vietnam aliyejipatia jina kwenye sanshou, aliuonyesha ulimwengu mateke ya aina hii: Machi 2008, alipompokonya Frank Shamrock mkanda wa Strikeforce, shindano la mapambano mchanganyiko, mkono wa Shamrock ulivunjika kwa kuyazuia.

La tatu ni teke la kusukuma, zheng deng, la mbele moja kwa moja kwa unyayo. Ni ufunguo wa mtu aliyebanwa.

Kwa yote matatu, fanya zoezi hili: piga begi, kisha uugandishe mguu hewani, ukiwa umekunjwa, uhesabu hadi mbili kabla ya kuushusha. Ukiweza kusimama hivyo bila kuyumba, unarudisha teke vizuri. Usipoweza, kila teke lako ni mguu uliomkabidhi mwenzako. Mara 50 kila mguu, mara tatu kwa wiki. Anza polepole, nyonga za watu wazima hazipendi kushtuliwa.

Hatua ya 7: Kudaka mguu na kuangusha

Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo wageni wa mitindo mingine wanapopata taabu. Bondia wa mateke aliyezoea kwamba teke likizuiwa mambo yameisha, kwenye sanda anagundua teke lake ndio mwanzo wa matatizo yake.

Chukua hali moja tu na uifanye mwezi mzima. Mwenzako anapiga teke la mjeledi kwa mguu wake wa kulia, kuelekea mbavu zako za kushoto.

Usirudi nyuma. Ingia, hatua fupi ya mshazari kwenda mbele kulia kwako. Ukiingia, unakutana na goti au paja lake badala ya ncha ya ugoko, na nguvu ya teke iko nchani. Kiwiko chako cha kushoto kimefunika mbavu. Mguu ukigusa tu, mkono wa kushoto unauzunguka kwa juu na kuubana kwapani, kama unavyobana mwavuli ukiwa umebeba mizigo. Mkono wa kulia haushughuliki na mguu. Umekaa usoni.

Hapo kwenye mkono wa kulia ndipo lilipokuwa kosa langu la miezi mitatu. Nilikuwa nadaka kwa mikono miwili, najisifu moyoni, na mtu mwenye mguu mmoja ananipiga ngumi ya pua. Mtu uliyemshika mguu bado ana mikono miwili na hasira.

Kutoka hapo una njia tatu. Ya kwanza ni mtama: unasogea karibu, mkono wa kulia unamsukuma kifuani au begani kwenda nyuma, na mguu wako wa kulia unaufagia mguu wake wa kushoto kwa nje, chini, karibu na kisigino. Kusukuma na kufagia viende kwa pamoja. Ukifagia kwanza atarukaruka, ukisukuma kwanza atakushika shingo. Ya pili ni kuzungusha: mguu wako wa kushoto unapiga hatua nyuma kwa mduara, unauvuta mguu wake chini na pembeni kama unavyofungua geti zito, naye anaufuata kwa sababu hana namna. Ya tatu ni ya wenye miguu imara: unaupandisha mguu wake hadi begani na kutembea mbele. Anarukaruka nyuma mara mbili, mara tatu, kisha chini. Au nje ya jukwaa.

Mambo mawili ya kanuni yanatawala hapa. Kwanza muda: mkishikana bila kitu kutokea, mwamuzi anawatenganisha baada ya sekunde chache. Kwa hiyo sanda haina mieleka ya kusubiri. Wachina wanaita kuai shuai, mwangusho wa haraka. Pili, ukimwangusha ukabaki umesimama unapata alama 2. Mkianguka wote, yule wa mwisho kugusa chini anapata 1 tu. Kumng'ang'ania mtu mkaporomoka pamoja ni hasara ya nusu. Na akishakuwa chini, basi. Hakuna kumpiga aliye chini.

Mazoezini, anayepiga teke apige kwa theluthi ya kasi na avae kinga ya ugoko. Mara 10, mnabadilishana. Ufagiaji uwe chini, kwenye kisigino na shavu la mguu. Kamwe usimpige mtu pembeni mwa goti la mguu aliosimamia ukiwa umemshika mwingine. Goti hilo limebeba mwili mzima na halina pa kukimbilia.

Utakuwa umeona pia ule mwangusho wa mkasi, mtu anarukia miguu ya mwenzake na kuikata kwa miguu yake miwili. Cung Le alisifika nao. Usiujaribu. Najua utaujaribu. Basi angalau msubiri mwalimu.

Hatua ya 8: Kuunganisha

Rudi kwenye msemo: mbali, karibu, mwili kwa mwili. Kazi yako sasa ni kupita kwenye milango hiyo mitatu bila kusimama mlangoni.

Mfano wa kwanza: teke la ubavu kifuani, mguu unashuka mbele badala ya kurudi, ngumi mbili zilizonyooka, anainua mikono, unaingia chini na kukumbatia miguu yote miwili nyuma ya magoti, bega lako tumboni mwake, unavuta na kusukuma. Mfano wa pili, wa mtego: piga paja lake mara mbili polepole kidogo, umfanye akasirike na kulipa. Akilipa kwa teke la mbavu, unajua cha kufanya, umefanya mwezi mzima.

Mtu anayependa kutazama kabla ya kufanya amtafute Muslim Salikhov wa Dagestan, bingwa wa dunia wa sanda mara kadhaa kabla hajahamia mapambano mchanganyiko. Tazama miguu yake kabla ya teke, si teke lenyewe.

Hatua ya 9: Kupambana mazoezini

Isiwe kabla ya miezi mitatu. Na msianze na kila kitu. Wiki mbili ngumi tu. Wiki mbili mmoja anapiga mateke na mwingine anadaka. Wiki mbili kushikana na kuangushana tu, bila kupiga. Halafu ndiyo mchanganye, kwa nusu ya nguvu, raundi mbili.

Mara tatu kwa wiki inatosha kwa mwenye kazi yake. Mimi najigawia hivi: siku moja miguu na begi, siku moja kuangushana, siku moja kupambana. Kuanguka kila siku.

Ukipigwa kichwani ukaona giza, kizunguzungu, kichefuchefu, au ukasahau raundi ni ya ngapi, siku yako imekwisha. Hakuna raundi nyingine, hakuna "niko poa". Unaenda hospitali, na hupambani tena hadi daktari aseme. Mtu wa pembeni ndiye anayeamua hilo, si wewe, kwa sababu aliyetikisika ubongo huwa ndiye wa mwisho kujua.

Hatua ya 10: Jukwaa

Jukwaa linaitwa leitai. Lina urefu wa sentimita 80 kutoka chini, mita 8 kila upande, limezungukwa na magodoro, na halina kamba. Hiyo ndiyo tofauti inayowashangaza mabondia. Kwenye ulingo wa ngumi kamba ni rafiki, unaegemea, unapumua. Hapa ukiegemea unaegemea hewa.

Pambano ni raundi tatu za dakika 2, na dakika 1 ya kupumzika. Kila raundi ina mshindi wake, na anayeshinda mbili ameshinda. Hesabu haibebwi kutoka raundi moja kwenda nyingine, kwa hiyo ukiwa umezidiwa mno raundi ya kwanza, usitumie mapafu yote kuifukuzia. Kumtoa mwenzako nje ya jukwaa wewe ukabaki juu ni alama 2, na akitoka mara mbili katika raundi moja, raundi hiyo ni yako hata kama alikuwa anakuongoza. Mwamuzi akimhesabia hadi 8, ni 2 nyingine.

Vilivyokatazwa: kupiga kwa kichwa au kwa kiwiko, kabari, kupinda viungo, kupiga kisogo, shingo au kinena. Goti pia, kwenye mashindano ya ridhaa. Mapambano ya kulipwa ni habari nyingine: tangu shindano la Mfalme wa Sanda lilipoanza China mwaka 2000, kinga za kichwa na kifua zilivuliwa, na baadhi ya mashindano huruhusu magoti. Usichanganye kanuni za video uliyotazama na za shindano uliloandikishwa. Omba karatasi ya kanuni, isome. Madaraja ya uzito kimataifa ni kilo 48, 52, 56, 60, 65, 70 na kuendelea hadi zaidi ya 90. Pigana kwa uzito unaoishi nao. Shindano la kwanza si la kukaushana maji mwilini.

Ule mraba wa chaki sasa una kazi. Simama ukiwa kisigino kiko karibu na mstari, mwenzako akusukume kwa teke na mabega. Usimsukume naye, utashindwa kama ni mzito. Zunguka. Hatua moja pembeni, mkono mmoja nyuma ya kiwiko chake, na nguvu yake mwenyewe inamtoa. Wazee wenye kilo 60 wanawatoa vijana wa 80 kwa namna hii na wanatabasamu. Fanya mara 20 kila siku ya kupambana, kila mmoja kwa zamu.

Siku ya shindano, omba kupanda jukwaani kabla watu hawajaanza, wengi hukubaliwa. Vua viatu, simama katikati, rudi nyuma kwa hatua zako za kupigana, uzihesabu hadi kisigino kihisi ukingo. Kwangu ni saba. Raundi inapoanza, kila nikirudi nyuma nahesabu kimoyomoyo, na nikifika tano naanza kuzunguka.